Kabla ya tebo: hesabu zinavyoingia kichwani mwa mtoto

Wazazi wengi wanaofika kwangu hapa Mbeya huja na daftari la Hisabati lenye kurasa nyekundu tupu na maneno yaleyale: "Mwalimu, masomo mengine yuko vizuri, ila hesabu hazimwingii." Mtoto yuko palepale, anasikia. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu na kazi yangu ni kupima watoto wanaopata shida ya kujifunza. Daftari nitalifungua baadaye. Kwanza naomba vizibo vya soda, kwa sababu shida ya hesabu mara nyingi ilianza kabla mtoto hajapewa daftari.

Nenda Soko la Mwanjelwa asubuhi uangalie mafungu ya nyanya: tatu chini, moja juu. Mteja hazihesabu. Anatupa jicho, anajua ni nne, anaanza kulalamikia bei. Uwezo huo wa kuikamata idadi ndogo kwa jicho, mpaka tatu au nne hivi, hatufundishwi shuleni. Mwaka 1992 mtafiti Karen Wynn wa Marekani aliwaonyesha vichanga wa miezi mitano mwanasesere mmoja, akamziba kwa kizuizi, kisha akampitisha wa pili nyuma ya kizuizi hicho huku mtoto anaona. Kizuizi kilipoondolewa na mwanasesere akawa mmoja tu, vichanga walikodoa macho kwa muda mrefu zaidi kuliko walipowakuta wawili. Hata kusema "mama" hawajui, lakini walitegemea kuona wawili.

Idadi ikiwa kubwa, ubongo hukadiria. Fei Xu na Elizabeth Spelke walionyesha mwaka 2000 kwamba mtoto wa miezi sita hutofautisha nukta 8 na nukta 16, ila 8 na 12 bado humshinda. Uwiano ndio unaoamua: tofauti ikiwa ya mara mbili anaiona, ikiwa ndogo zaidi inampita. Jicho hilo huendelea kunoleka kadiri mtoto anavyokua, na mfanyabiashara wa maparachichi aliyelizoea anaweza kukwambia tenga lipi lina mengi kabla halijamwagwa.

Kazi hii ina mahali pake kwenye ubongo. Ni mkunjo uliopo juu na nyuma ya sikio, kushoto na kulia, katika eneo linaloitwa parietali. Stanislas Dehaene wa Ufaransa ni mmoja wa waliouchunguza sana kwa mashine za MRI, zile zinazopiga picha ya ubongo ukiwa kazini: mtu akilinganisha idadi, iwe ni nukta au tarakimu, mkunjo huo huchangamka. Na ukiumia? Mwaka 1991 Lisa Cipolotti na wenzake waliandika habari za mama mmoja wa Italia aliyekuwa akitunza hesabu za hoteli ya familia yake. Alipata kiharusi kilichoharibu eneo hilo upande wa kushoto. Aliendelea kuongea vizuri na kumbukumbu yake ilikuwepo, lakini namba zote zaidi ya nne zilimtoka. Alikuwa anahesabu moja, mbili, tatu, nne, anaishia hapo.

Kwa hiyo kabla ya shule mtoto ana hisia ya wingi. Shule inamtaka aiunganishe hisia hiyo na vitu viwili ambavyo binadamu wamevitunga: jina la namba na alama yake. Hapo ndipo ninapogombana kidogo na madarasa yetu ya awali. Watoto wanaimba moja hadi ishirini, mikono inapigwa, mzazi anarekodi kwa simu na kuweka status. Sasa mwambie huyohuyo, "Nipe vizibo vitano." Anachota kiganja kizima anakupa. Wimbo anaujua, wingi bado haujaungana na jina. Watafiti wameona kwamba watoto huzipata namba hizi moja baada ya nyingine. Kwanza anaelewa moja, na ukimwomba nyingine yoyote anakuchotea tu. Miezi kadhaa baadaye anaelewa mbili, halafu tatu. Baada ya hapo, mara nyingi kati ya miaka mitatu na minne au zaidi kidogo, anagundua kwamba neno la mwisho analolitaja wakati anahesabu ndilo jibu la swali "ziko ngapi". Akishalijua hilo, namba nyingine hufuata kwa haraka. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza bila kufika hapo atanakili tarakimu ubaoni bila kujua zinahusu nini.

Akiwa darasa la kwanza na la pili hufanya hesabu kwa nguvu nyingi, na sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kushikilia mambo kwa muda na kuyapanga, ndiyo inayobeba mzigo. Anahesabu kwa vidole, midomo inacheza, anasahau alikofikia. Kundi la Vinod Menon wa Chuo Kikuu cha Stanford lilionyesha mwaka 2014 kwamba mtoto anapoanza kukumbuka majibu badala ya kuyahesabu, hipokampasi, sehemu inayohifadhi kumbukumbu mpya, hushika usukani na kazi ya sehemu ya mbele hupungua. Vidole ni hatua halali ya safari hiyo. Eneo la ubongo linaloshughulika na namba linapakana na lile linalotambua vidole. Tangu miaka ya 1920 daktari Josef Gerstmann wa Vienna alieleza wagonjwa waliopoteza vyote viwili kwa pamoja, kupiga hesabu na kutambua vidole vyao wenyewe. Mwalimu anayemkemea mtoto wa darasa la pili kwa kutumia vidole anamnyang'anya kifaa kabla hajampa kingine.

Sasa tuje kwa wale ambao kuunganisha wingi na jina na alama ya namba kunawagomea kabisa. Kitaalamu hali hii inaitwa diskalkulia. Mtafiti Ladislav Košč alipopima watoto huko Bratislava, matokeo aliyoyatoa mwaka 1974 yalikuta 6.4 kwa mia wanayo, na tafiti nyingi za baadaye zimeangukia kati ya 3 na 7 kwa mia. Ukichukulia darasa la watoto sitini, ambalo kwetu si kubwa, ni wawili, watatu, labda wanne. Haina uhusiano na uvivu, na mtoto mwenye akili nzuri kabisa anaweza kuwa nayo. Hutembea katika koo, huonekana zaidi kwa baadhi ya waliozaliwa njiti, na mara nyingi huandamana na disleksia, ile shida ya kusoma.

Nikueleze binti mmoja wa darasa la nne, mtoto wa wakulima wa viazi huko milima ya Uporoto. Alinisalimia shikamoo vizuri, akanisomea hadithi bila kukwama na kunielezea hata mambo ambayo hayakuandikwa. Nikaweka vizibo vitatu chini ya kikombe, nikakiinua sekunde moja, nikakirudisha. "Vingapi?" Akaniangalia. "Sijamaliza kuhesabu, mwalimu." Vitatu! Nikamuuliza kipi kikubwa, 2 au 9: alijibu sawa. 8 au 9: alitaja kuanzia moja kimyakimya ndipo akajibu. Kisha nikampa 100 toa 98. Alivuta karatasi akaanza kuchora vijiti, kimoja kimoja, apate mia kwanza. Alipofika thelathini na kitu akapotea, akafuta, akaanza upya, na sidhani angeacha kama nisingemzuia. Mama yake akaongeza la kwake: "Huyu nikimtuma dukani analeta chenji yoyote aliyopewa."

Mtoto wa namna hii ukimwongezea tebo za kukariri unamwongezea wimbo mwingine. Saba mara sita arobaini na mbili, sawa, lakini kwake 42 na 24 na 402 zinakaribia kuwa kitu kimoja, kwa sababu nyuma ya maneno hakuna wingi anaouona. Fimbo ndiyo kabisa.

Lakini si kila anayefeli Hisabati ana diskalkulia, na ningeomba walimu wenzangu wasilipokee neno hili kwa pupa. Ufaulu wa Hisabati kidato cha nne umekuwa chini kwa miaka mingi nchi nzima, na huwezi kuniambia kwamba taifa zima limezaliwa na tatizo la ubongo. Kabla ya hitimisho, macho na masikio ya mtoto yapimwe. Uliza kama darasa la kwanza alilisoma kweli au alikuwa shambani. Uliza anakula nini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa mkoani Iringa ni takriban 57 kwa mia, Njombe na Rukwa karibu 50, wakati wastani wa taifa ni 30. Hii ndiyo mikoa inayolisha wengine! Udumavu hugusa ujifunzaji wote, kusoma kukiwemo, na hilo husaidia kuutofautisha na diskalkulia.

Kuna pia wale wanaojua hesabu isipokuwa wanapokuwa darasani. Kijana anayeuza karanga stendi ya Kabwe, mpe elfu mbili kwa pakiti tatu za mia tano uone kama atakosea chenji. Huko Recife, Brazil, watafiti Terezinha Nunes, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha mwaka 1985 matokeo ya watoto wachache waliokuwa wauzaji wa mitaani: wakiwa kwenye biashara walipatia maswali 98 kwa mia, hesabu hizohizo zilipoandikwa kwenye karatasi wakapatia 37 kwa mia. Mtoto kama huyu ubongo wake wa hesabu ni mzima. Anahitaji mwalimu atakayeanzia kwenye chenji ndipo afike kwenye kuhesabu kwa kusimamisha.

Hofu nayo inavuruga. Kundi lilelile la Stanford liliwachunguza mwaka 2012 watoto wa miaka saba hadi tisa wenye woga wa hesabu. Amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari, ilichangamka zaidi kwao wakati wa kufanya hesabu, na zile sehemu za kufikiri zikapungua nguvu. Kumsimamisha mtoto mbele ya darasa ataje tebo ya nane huku wenzake wanacheka ni njia ya uhakika ya kuifikia hali hiyo.

Je, mwenye diskalkulia anasaidika? Ndiyo, ingawa haponi kama anayetoka malaria. Mwaka 2015 kundi hilo liliripoti kwamba watoto wenye ulemavu wa kujifunza hesabu waliofundishwa mmoja mmoja kwa wiki 8 waliongeza ufaulu, na ubongo wao wakati wa kukokotoa ukaanza kufanya kazi kwa namna inayofanana na ya wenzao.

Kifaa ninachokipenda ni trei ya mayai. Ile ya mayai thelathini ina mistari sita ya matano. Ikate upate vipande vitatu vya mistari miwili, kila kimoja nafasi kumi. Weka vizibo saba: mstari mmoja umejaa, wa pili una viwili, na nafasi tatu ziko wazi. Mtoto anaona palepale kwamba saba ni tano na mbili, na pia ni kumi pungufu tatu. Dakika kumi au kumi na tano kila siku, nyumbani, bila daftari. Akizoea, chora mstari mrefu kwa mkaa au chaki uani, andika 0 mwanzo na 100 mwisho, mwambie asimame kwenye 50, kwenye 10, kwenye 98. Mdako nao usiudharau: kudaka kijiwe hewani huku unarudisha vingine shimoni na kuacha kimoja, halafu viwili, ni mazoezi ya kuona idadi kwa haraka, na wala mtoto hajui kwamba anasoma.

Tebo mimi huzileta mwisho, nikianza na ya pili, ya kumi na ya tano. Nyingine huzaliwa humo: saba mara sita ni tano mara sita, thelathini, ongeza mbili mara sita, kumi na mbili. Na kama baada ya hayo yote bado hazikai kichwani, jedwali libandikwe juu ya dawati lake na aruhusiwe kuliangalia, ili akili yake ibaki na nafasi ya kuelewa swali linauliza nini.