Je, Wajua Kwa Nini Miti ya Boston Huwa Myekundu Kila Oktoba?

Oktoba moja nikiwa Boston, Marekani, nilimtumia mama picha niliyoipiga katika bustani ya Public Garden: mti mwekundu mzima, toka kileleni hadi tawi la chini kabisa, na nyasi zote chini yake zimefunikwa na majani ya rangi hiyohiyo. Mama yuko Tanga. Akanipigia papo hapo. "Mwanangu, huo mti umeunguzwa na nani?" Nikamwambia haukuungua, ndivyo miti ya huku inavyokuwa majira haya. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali lililonishinda: "Basi kama haukuungua wala hauumwi, hiyo rangi imetoka wapi?"

Nimelifuatilia swali hilo tangu siku ile, na jibu lake bado linanishangaza. Rangi za Boston hazitoki mahali pamoja. Njano huwa imo ndani ya jani tangu linachipua. Nyekundu haimo. Mti huitengeneza upya kabisa, muda mfupi tu kabla ya kuliangusha jani lenyewe.

Tuanze na kijani. Jani ni jiko la mti. Ndani yake mna rangi ya kijani iitwayo klorofili, inayonasa mwanga wa jua ili mti upike sukari kwa maji na hewa ya kabonidioksidi. Klorofili haidumu, huharibika kila siku, hivyo msimu wote wa joto jani huwa kazini kuitengeneza tena na tena. Pamoja nayo zimo rangi nyingine, karotenoidi, za jamii ileile inayolipa embe bivu rangi yake. Hizo zimo siku zote, ila kijani kimezifunika. Tazama ndizi inavyoiva: ganda halipakwi njano na mtu, ni kijani kinachoondoka na njano iliyokuwa chini yake ikaonekana. Miti ya Boston inayogeuka njano, kama ile ya ginko iliyopandwa kando ya barabara, hufanya vivyo hivyo.

Kinachouambia mti kwamba wakati umewadia ni hasa urefu wa usiku. Boston iko nyuzi 42 kaskazini mwa ikweta. Juni mchana wake hufika saa 15 na zaidi, na Desemba hubaki saa 9 tu. Mwishoni mwa Septemba mchana hupungua kwa karibu dakika 3 kila siku ipitayo. Dar es Salaam, ukichukua siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote katika mwaka, tofauti yake haifiki saa moja. Ndiyo maana saa yetu ya Kiswahili, inayoanza kuhesabu jua linapochomoza, haitupi taabu. Boston hesabu hiyo huvurugika. Juni jua huzama saa mbili na nusu usiku. Ikifika Jumapili ya kwanza ya Novemba, wanaporudisha mishale ya saa zao nyuma kwa saa moja, huzama saa kumi na nusu, wakati ambao kwetu watoto ndiyo kwanza wanakusanyika uwanjani kucheza mpira.

Lakini kwa nini mti uyaache majani yake? Kubwa ni kiu. Baridi ikikaza, maji ya ardhini huganda na mizizi hushindwa kuyavuta, ilhali jani pana huendelea kupoteza maji kila upepo unapopita. Mbuyu unalijua tatizo hili: kiangazi kikifika hupukutisha majani yote ukabaki matawi matupu. Kwetu ukame huletwa na jua, na kule huletwa na barafu. Misonobari hubaki na kijani chake kwa kuwa majani yake ni membamba kama sindano na yamepakwa nta.

Kabla ya kuyaachia, mti huokoa vya thamani. Protini za jani huvunjwavunjwa, na karibu nusu ya naitrojeni iliyokuwemo hurudishwa kwenye matawi, shina na mizizi. Ni kama mtu anayehama nyumba ya kupanga: anabeba vyombo vyake, anaacha kuta. Wakati huohuo, pale kikonyo cha jani kinapoungana na tawi, hujengeka tabaka jembamba kama kizibo, linalofunga njia za maji na sukari kidogo kidogo. Sukari iliyopikwa mchana inakwama ndani ya jani.

Hapo ndipo wekundu unapozaliwa. Kwa sukari hiyo na mwanga wa jua, jani hutengeneza rangi iitwayo anthosianini. Umeshakutana nayo: ndiyo inayoifanya juisi ya choya kuwa nyekundu, na ndiyo inayoacha ulimi wa mtoto umegeuka rangi akishakula zambarau. Mchana wa jua kali na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha huleta wekundu uliokolea. Mawingu yakitanda wiki nzima, au joto likikawia kuondoka, mwaka huo rangi hufifia na watu wa Boston husikitika waziwazi.

Niliokota jani moja lililoanguka, ambalo likiwa bado mtini lilikuwa limefunikwa kidogo na jenzake. Sehemu iliyopigwa na jua ilikuwa nyekundu ya damu. Sehemu iliyofunikwa ilibaki njano, na mpaka kati yao ulifuata umbo la lile jani la juu, ncha kwa ncha, kama alama ya kiganja kwenye unga.

Mti unaokaribia kulala unahangaika na rangi ya nini? Wanasayansi bado wanajadiliana. Wapo wanaosema wekundu huwaonya wadudu wasije kutaga mayai. Wengi wanaegemea maelezo mengine: klorofili inapovunjwa, jani haliwezi tena kuutumia mwanga wote unaolifikia, na mwanga uliozidi huharibu chembe zake kabla kazi ya kuhamisha naitrojeni haijaisha. Rangi nyekundu basi ni mwavuli. Mimi naegemea upande huu, na kilichonishawishi ni jani lile: penye kivuli, ambapo mwavuli haukuhitajika, mti haukujisumbua kuutengeneza.

Sehemu kubwa ya Ulaya nayo ina majira haya ya majani kugeuka rangi, lakini kule njano ndiyo hutawala. Mashariki mwa Amerika Kaskazini ndiko miti yenye kugeuka nyekundu ilikojaa, hasa ile ya jamii ya mepo, mti ambao jani lake limechorwa kwenye bendera ya Kanada. Upo mepo mwekundu, na upo mepo wa sukari, ambao utomvu wake huchemshwa kuwa shira tamu: yatakiwa lita 40 hivi za utomvu kupata lita moja. Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya misitu hiyo si ya kale. Katikati ya karne ya 19 eneo kubwa la kusini mwa New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani ambamo Boston imo, lilikuwa limefyekwa kwa mashamba na malisho. Baadaye wakulima wengi wakahamia magharibi au mijini, na miti ikarudi yenyewe. Hadi leo ukitembea ndani ya msitu utakuta kuta za mawe zimepita katikati ya miti. Ni mipaka ya mashamba yasiyolimwa tena.

Rangi huanzia kaskazini na kushuka kusini. Milima ya majimbo ya Vermont na New Hampshire, kaskazini mwa Boston, hukolea toka mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Boston iko pwani, na bahari pamoja na majengo yake huhifadhi joto, kwa hiyo hungoja hadi nusu ya pili ya Oktoba, mara nyingine hadi siku za mwanzo za Novemba. Anayepanga safari akumbuke hilo, kwa maana nimeona wageni wakifika mwanzoni mwa Oktoba wakakuta mji bado kijani. Mchana wa Oktoba huwa nyuzi 16 au 17, usiku 8 au 9. Kwa mtu wa pwani ya kwetu jaketi ni lazima, na soksi nzito si anasa.

Mjini kwenyewe si lazima uende mbali. Boston Common, bustani ya umma iliyotengwa mwaka 1634, inapakana na Public Garden, na zote mbili unazimaliza kwa mguu. Ukipata siku moja tu, ushauri wangu ni kupanda treni hadi kituo cha Forest Hills na kuingia Arnold Arboretum, bustani ya miti ya Chuo Kikuu cha Harvard iliyoanzishwa mwaka 1872. Karibu kila mti una kibao chenye jina lake na asili yake. Hapo mepo wa Marekani na wa Japani unaweza kuwatazama siku hiyohiyo ukalinganisha wekundu wao. Mimi niliingia saa nne asubuhi nikatoka jua linazama.

Nilipopata jibu nilimpigia mama. Nikamweleza kizibo, sukari na mwavuli. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kumbe ni kama mkungu wetu wa hapo nje." Sikuwa nimeufikiria kabisa. Mkungu ule ninaujua tangu utotoni: kiangazi kikianza majani yake makubwa hugeuka mekundu, yakaanguka uani, nami ndiye niliyekuwa nikiyafagia kila asubuhi.

Kesho yake nilirudi Public Garden kwenye mti uleule. Nusu ya majani ilikuwa imeshaanguka. Nikashika tawi la chini nikalitazama kwa karibu. Pale jani lilipokuwa limeshika palikuwa na kovu dogo, kavu, limefungwa vizuri. Na juu ya kovu, limebana kwenye tawi, palikuwa na kitu chekundu kidogo kuliko punje ya mchele. Nikakipiga picha, nikamtumia mama. Akaikuza picha, akauliza, "Na hiki je?"

"Hicho ni kichipukizi, mama. Kimekuwepo hapo tangu msimu wa joto. Majani ya mwakani yamo humo."