Je, wajua kwa nini mfungwa akipata nafasi ya chuo hukimbilia sheria?

Mjomba wangu ana kaunta buku ya kwaya mbili aliyotoka nayo gerezani. Pembe za jalada zimelika na mgongo umeshonwa kwa uzi wa gunia. Hupenda kuifungua jioni tukiwa barazani kwake, Mikindani, upepo wa bahari unapoanza kutulia. Ukurasa wa kwanza una maneno matano yaliyopigiwa mstari kwa wino mwekundu: hati ya mashtaka, utambuzi, kielelezo, shaka, muda. Mwandiko si wake. Ni wa rafiki yake ambaye bado yumo ndani.

Wiki iliyopita rafiki huyo alituma ujumbe kwa ndugu aliyekwenda kumwona. Anataka kuomba chuo na asome sheria. Mjomba aliniuliza kwa dhati kabisa: "Mpwa wangu, yule ana kifungo cha miaka thelathini. Rufaa yake imeshakataliwa mpaka juu. Sheria itamsaidia nini sasa? Si bora angesoma kilimo?"

Swali hilo nimelibeba siku kadhaa, maana hapa Afrika Mashariki wafungwa waliosoma chuo na kujulikana ni wa sheria, mmoja baada ya mwingine. Mimi naona jibu limo katika kisa cha mjomba mwenyewe.

Alihukumiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa ambalo kwa sheria zetu za Tanzania adhabu yake haishuki chini ya miaka 30. Aliingia akiwa na elimu ya darasa la saba. Mtu aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya akitaka kukata rufaa Mahakama Kuu, anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio ndani ya siku 10, kisha awasilishe sababu zake za rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya mwenendo wa shauri na hukumu. Huku uraiani siku kumi ni kitu kidogo. Kwa mtu ambaye juzi alikuwa kwake na leo anajifunza kulala ubavu kwa ubavu na wageni, siku kumi zinapita kabla akili haijakaa sawa.

Sheria imemwekea mfungwa mlango mmoja ambao wengi huku nje hawaujui. Halazimiki kwenda mahakamani kupeleka hati yake. Anamkabidhi mkuu wa gereza, naye mkuu wa gereza ana wajibu wa kuifikisha kwa Msajili wa Mahakama Kuu. Mlango upo, lakini hiyo hati lazima kwanza mtu aiandike. Asiye na fedha za wakili huiandika mwenyewe, au humtafuta mwenzake wa selo anayejua kuandika.

Nakala ya hukumu ilipomfikia mjomba ilikuwa ya Kiingereza. Ananiambia aliishika akaigeuza mbele na nyuma, akatafuta jina lake, akaliona, basi. Kesi ilisikilizwa kwa Kiswahili, mashahidi walisema kwa Kiswahili, na yeye alijitetea kwa Kiswahili, lakini karatasi iliyomfunga ilikuwa kwa lugha asiyoijua. Ni mwaka 2021 ndipo sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kikatamkwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na Kiingereza kikabaki kwa pale panapohitajika. Mabadiliko hayo yalipopita kuna watu walioyaona kama mapambo ya kizalendo. Wangemwona mjomba na karatasi zake mkononi wasingesema hivyo.

Aliyemsomea hukumu ile ni huyo rafiki, kijana wa kidato cha nne aliyetangulia ndani. Alisoma sentensi kwa sentensi, akitafsiri, mpaka alipofika kwenye ushahidi wa shahidi wa kwanza akanyamaza. Akarudia. Kisha akasema, "Mzee, hapa anasema alikutambua kwa mwanga wa kibatari. Hasemi kibatari kilikuwa wapi. Hasemi mwanga ulikuwa mkali kiasi gani."

Tangu mwaka 1980 Mahakama ya Rufani imeweka wazi kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni ushahidi dhaifu, na haufai kutegemewa mpaka mahakama iridhike kwamba hakuna nafasi ya kukosea. Kwa hiyo lazima iulizwe: shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani? Kwa umbali gani? Ilikuwa mchana au usiku, na kama ni usiku, taa gani? Aliwahi kumwona kabla ya siku hiyo? Yeyote aliyekulia vijiji vya huku kwetu, Newala au Nachingwea, kabla sola hazijaenea, anajua kibatari kikiwa kwenye kona ya chumba kinaonyesha nini na kinaficha nini. Uso wa mtu aliyesimama mlangoni ni kivuli tu. Mjomba hakuhitaji chuo kulijua hilo. Alichokosa ni kujua kwamba jambo hilo lina uzito mahakamani.

Mjomba alikaa miaka minne na miezi kabla rufaa yake haijasikilizwa, akaachiwa. Sababu iliyomtoa ni ile ya kibatari.

Ndiyo maana nikamjibu hivi: mfungwa akisoma kilimo, anasoma kwa ajili ya siku atakayotoka. Akisoma sheria, anaitumia kesho asubuhi. Gereza ni mahali ambapo somo linaingia kwa miguu yake kila siku. Kila mahabusu mpya anakuja na hati ya mashtaka mfukoni, kila anayerudi kutoka mahakamani anakuja na uamuzi. Mwanafunzi wa sheria chuoni anasoma kesi za watu asiowajua. Aliye gerezani anakula na watu hao sahani moja. Rafiki wa mjomba kesi yake imekwisha, ni kweli, lakini wanaomfuata pale ukutani baada ya chakula wakimwomba awasomee hukumu zao hawajaisha. Anataka kuwasomea akiwa na uhakika, asibahatishe. Kubahatisha katika hati ya rufaa kuna hatari kubwa, kwa sababu hoja nzuri ikiandikwa vibaya au ikiachwa, mtu anaweza kukaa miaka mingine mingi bila sababu.

Jirani zetu wamelithibitisha hili. Nchini Uganda, Susan Kigula alihukumiwa kunyongwa mwaka 2002. Yeye na wafungwa wenzake 417 walifungua shauri la kikatiba kupinga adhabu ya kifo. Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2005, na Mahakama ya Juu ikathibitisha Januari 2009, kwamba sheria haiwezi kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo bila kumpa nafasi ya kupima mazingira ya kosa. Iliamua pia kwamba aliyekaa zaidi ya miaka mitatu akisubiri kunyongwa baada ya rufaa zake kwisha, adhabu yake igeuke kifungo cha maisha. Baadaye, akiwa bado gereza la wanawake la Luzira, Kigula akasoma sheria ya Chuo Kikuu cha London kwa njia ya masafa. Alitoka Januari 2016. Tazama mpangilio huo: kesi ilitangulia, chuo kikafuata. Alishaonja kile ambacho karatasi inaweza kufanya, ndipo akataka kuijua karatasi yenyewe.

Kenya kuna Peter Ouko, aliyekuwa amehukumiwa kifo katika gereza la Kamiti, naye akasoma sheria ya chuo hichohicho cha London, akaachiwa kwa msamaha wa Rais mwaka 2016. Mpango uliowawezesha watu hawa una jambo moja ninalolipenda sana: askari magereza nao husoma humo. Mlinzi na mlindwa wanasoma kitabu kimoja, wanafanya mtihani mmoja. Sijui njia nzuri zaidi ya kumfanya askari aone kwamba hati ya rufaa anayokabidhiwa ni kitu cha kufikishwa haraka.

Na mbele yao wote yuko Nelson Mandela, ambaye aliingia gerezani akiwa tayari mwanasheria lakini bila shahada kamili ya sheria. Aliifukuzia kwa barua, kwanza London, kisha Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, akaipata mwaka 1989 akiwa na umri wa miaka 70, miezi michache kabla ya kutoka. Katikati ya safari hiyo, mwaka 1977, wakuu wa gereza waligundua maandishi ya kumbukumbu za maisha yake aliyoyafukia bustanini kisiwani Robben. Adhabu waliyomchagulia ni kumnyima ruhusa ya kusoma kwa miaka minne. Walijua kwamba kati ya vyote alivyobaki navyo, hicho ndicho kingemuuma.

Mjomba aliniuliza kama huko Marekani nako ni sheria tupu. Hapana. Huko wengi husoma masomo mchanganyiko: fasihi, historia, hisabati. Mwaka 2015 wafungwa waliokuwa wakisoma chini ya Bard College, chuo cha jimbo la New York, waliishinda timu ya Chuo Kikuu cha Harvard katika mdahalo. Nchi hiyo ilifuta ruzuku ya masomo kwa wafungwa mwaka 1994, ikairudisha rasmi Julai 2023. Katikati ya hapo shirika la utafiti la RAND lilikuwa limekusanya tafiti za miaka mingi na kukuta, mwaka 2013, kwamba waliosoma wakiwa kifungoni walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 43 wa kurudi gerezani kuliko wasiosoma. Kwa hiyo somo lolote linamjenga mtu. Sheria ina nafasi yake ya pekee huku kwetu kwa sababu wengi hawana wakili.

Sasa, mtu wa Mtwara au Lindi aliye ndani anaanzaje? Katiba yetu, ibara ya 11, inasema kila mtu ana haki ya kujielimisha, na kila raia yuko huru kutafuta elimu hadi upeo wowote kulingana na stahili na uwezo wake. Haikuwatoa wafungwa. Lakini ibara hiyo imo katika sehemu ya malengo ya taifa, ambayo Katiba yenyewe inasema mahakama haiwezi kuitekeleza kwa nguvu. Kwa hiyo kinachoamua ni mkuu wa gereza, chuo na ndugu walio nje. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, zinazoeleza jinsi wafungwa wanavyopaswa kutendewa, zilizopitishwa Desemba 2015, zinataka elimu ya gerezani iunganike na mfumo wa elimu wa nchi, ili mtu akitoka aendelee alipoishia, na kila gereza liwe na maktaba.

Chuo kinachofaa ni kile kisichomtaka mwanafunzi aingie darasani kila siku. Tunacho: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, chenye vituo mikoani, Mtwara na Lindi vikiwemo. Ndugu wa mfungwa hahitaji kwenda Dar es Salaam kuuliza. Ila shahada inadai kidato cha sita au stashahada. Wa kidato cha nne anapanda ngazi kwa ngazi kupitia astashahada. Simu haziruhusiwi mle, kwa hiyo kila kitu ambacho wanafunzi wa nje wanakipata kwa intaneti lazima kichapwe, kikaguliwe na askari, ndipo kiingie. Na mfungwa akihamishwa gereza katikati ya mwaka wa masomo, inabidi mtu nje afuatilie vitabu vyake na tarehe za mitihani yake, la sivyo mwaka umepotea.

Muda wenyewe anao. Kifungo cha miaka 30, kwa msamaha wa theluthi moja anaostahili mwenye nidhamu, kinabaki miaka 20. Shahada haitamfanya wakili, kwa sababu uwakili unadai pia mafunzo ya uanasheria kwa vitendo na kukubaliwa. Lakini tangu mwaka 2017 tuna sheria inayowatambua wasaidizi wa kisheria, na vijiji vyetu vina njaa ya watu hao. Korosho tu, na migogoro yake ya mashamba na mirathi, ingetosha kumpa mtu kazi mpaka azeeke.

Nilipomaliza kumweleza haya, mjomba aliingia ndani akarudi na bahasha ya kaki. Cheti cha kidato cha nne cha rafiki yake kilikuwa kwa mama yake, Nachingwea, chini ya godoro, na mama amekituma kwa basi. Tatizo lipo moja. Cheti kina majina mawili, hukumu ina matatu. Chuo kitauliza kama ni mtu mmoja. Dawa yake ni hati ya kiapo, na mfungwa mwenyewe ndiye anayetakiwa kuapa, kwa hiyo kamishna wa viapo amfuate huko aliko.

"Ataapa nini hasa?" mjomba akauliza, kalamu mkononi, kaunta buku imefunguliwa ukurasa mtupu.

Tukaanza kuandika.