Bajeti ya uzito katika nyumba ndogo ya magurudumu

Bajeti ya uzito ni hesabu ya kilo ambazo nyumba iliyojengwa juu ya trela inaruhusiwa kubeba, na jinsi kilo hizo zinavyogawanywa kati ya ujenzi, vifaa, maji na mali za wakazi. Hufanywa kabla ya kununua ubao wa kwanza, na hutangulia hata bajeti ya fedha. Fedha zikiisha, ujenzi husimama, ukaendelea zikipatikana. Uzito ukizidi, itabidi ubomoe ulichojenga au ununue trela kubwa zaidi, la sivyo nyumba haitoki hapo ilipo. Kibanda cha kudumu hakina shida hii, kwa kuwa mzigo wake wote huishia kwenye msingi.

Trela huwa na kibao kinachotaja uzito wa juu unaoruhusiwa, yaani trela yenyewe pamoja na kila kilichomo. Toa uzito wa trela tupu. Kinachobaki ndicho cha kugawanya. Tuchukue trela ya ekseli (mihimili ya magurudumu) mbili yenye kikomo cha kilo 3,500. Ikiwa tupu ina kilo 700, zinabaki 2,800. Kibao peke yake hakitoshi, hata hivyo. Soma pia uwezo wa ekseli, wa matairi na wa kiungio kinachofunga trela kwenye gari, kisha uzito ambao gari lako limeidhinishwa kuvuta. Kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoamua.

Wengi huanza kuhesabu kuta na paa, halafu vyombo na nguo vinakosa nafasi. Anza mwishoni. Watu wawili wanaoishi humo muda wote watengewe kama kilo 400 za nguo, vitanda, vyombo, chakula, vitabu na mitungi ya gesi. Tangi la lita 150 likijaa ni kilo 150. Weka asilimia 10 ya akiba, yaani kilo 280, maana nyaya, mabomba, skrubu, gundi na rangi husahaulika karibu kila mara na kwa pamoja hupita kilo 100 bila shida. Zimebaki kilo 1,970 za ujenzi na vifaa vyote vya kufungwa. Hiyo ndiyo namba ya kuchorea ramani.

Sasa pima vifaa kwa mita ya mraba. Nyumba ya mita 6 kwa 2.4 yenye kuta za mita 2.5 ina mita za mraba 42 za kuta; ukitoa milango na madirisha, chukua 36. Ukizifunika kwa ndani na plaiwudi ya milimita 12, yenye kama kilo 7 kwa mita ya mraba, umetumia kilo 250. Ya milimita 6 haifiki 130. Jipsamu bodi ya milimita 12.5 hupita kilo 300, na juu ya uzito huo hupasuka kwenye maungio trela inapotikiswa njiani; haifai kabisa kwa nyumba inayohama. Kioo kina kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene, hivyo dirisha la vioo viwili vya milimita 4 ni kilo 20 kwa mita ya mraba kabla ya fremu. Vigae vya bafuni pamoja na gundi yake hufika 20 au zaidi. Karatasi ya plastiki ngumu hufanya kazi ile ile kwa sehemu ndogo ya uzito huo. Mbao nazo zinunuliwe kavu. Ubao wenye unyevu wa asilimia 30 ni mzito kwa takriban asilimia 16 kuliko ubao ule ule ukiwa na asilimia 12, na ukikauka ukutani utajikunja na kukwamisha milango.

Haya yote yaandikwe kwenye jedwali moja: kitu, idadi, uzito, bei, na umbali wake mbele au nyuma ya ekseli. Safu ya bei inakupa bajeti ya fedha bila kazi ya pili. Safu ya umbali ndiyo watu huiruka, na hapo ndipo ajali huanzia.

Sehemu ya uzito wa trela hulazwa juu ya kiungio. Marekani kanuni ya kawaida ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Ulaya viungio vingi vina kikomo cha chini zaidi, kwa hiyo fuata namba iliyoandikwa kwenye kiungio chako. Sehemu hiyo ikipungua mno, trela huanza kuyumba kushoto na kulia mwendo unapoongezeka, hasa kwenye mteremko. Ikizidi, nyuma ya gari hulemewa na magurudumu ya mbele hukosa mshiko. Tuseme nyumba ya kilo 3,000 inakandamiza kiungio kwa kilo 360, ambazo ni asilimia 12, na kiungio kiko mita 4.5 mbele ya katikati ya ekseli. Jaza lile tangi la lita 150 lililofungwa mita 1.5 nyuma ya ekseli: 150 mara 1.5, gawanya kwa 4.5, kiungio kimepungukiwa kilo 50. Zimebaki 310 kati ya 3,150, chini ya asilimia 10. Tangi hilo hilo likiwekwa juu ya ekseli halibadilishi mkandamizo wa kiungio, liwe tupu au limejaa.

Makadirio yathibitishwe kwenye mizani ya magari mara tatu: sakafu na fremu zikiisha, kuta na paa zikifungwa, na mwishoni mali zote zikiwa ndani. Kipimo cha pili ndicho chenye thamani kuu, kwa sababu makabati na vifaa vya jikoni bado havijanunuliwa na vinaweza kupunguzwa. Pima pia upande wa kushoto na wa kulia kwa kupandisha magurudumu ya upande mmoja tu juu ya mizani, sehemu iliyo tambarare. Jiko, friji na makabati vikipangwa upande mmoja, matairi ya upande huo hubeba zaidi, hupata joto na kupasuka hata kama jumla iko ndani ya kikomo.