Kuchoma mabua hakurutubishi shamba

Msimu wa kuandaa mashamba ukikaribia, moshi hutanda vijijini, na wengi huamini kwamba moto huupa udongo nguvu. Imani hii haikuzuka hewani. Majivu yana potasiamu, kalsiamu na fosforasi, tena hupunguza tindikali ya udongo, hivyo mahindi huanza vizuri kweli. Hasara haionekani kwa macho: sehemu kubwa ya naitrojeni ya mabua huondoka na moshi, pamoja na kaboni ambayo ingekuwa mboji. Majivu yenyewe, kwenye mteremko, husombwa na mvua za mwanzo.

Wanaochoma wana hoja moja ya haki: mabua makavu yakifukiwa karibu na kupanda, mahindi hugeuka njano. Mabua yana kaboni nyingi mno kuliko naitrojeni, kwa hiyo vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni ya udongoni na mimea hukosa kwa wiki kadhaa. Lakini dawa yake si kiberiti. Yatandaze juu ya ardhi, au yafukie mapema pamoja na samadi.

Ningechoma kiduha tu, yaani gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, tena kilichokwisha kuchanua, nacho ni baada ya kuking'oa na kukitoa shambani.