Rahisi ghali? Tunayoyaamini kuhusu programu za bure, na ukweli wake

Ukipita kwenye maduka ya kompyuta ya Kampala Road, au yale ya Wandegeya karibu na Makerere, utasikia neno lilelile kwa Kiganda, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili: programu ya bure haifai. Fundi analisema, mteja anaitikia. Halafu fundi huyohuyo anachomoa flashi mfukoni, anaingiza Windows na Office ambazo hakuna aliyezilipia, mteja anatoa elfu thelathini au hamsini (inategemea fundi, na sura ya mteja), wanaagana vizuri. Programu ambayo mwenyewe ameitoa kwa hiari inashukiwa. Ile iliyovunjwa kufuli inakaribishwa kwa mikono miwili.

“Cha bure lazima kina mtego”

Methali ya rahisi ghali ni ya kweli, ila hapa imemkamata asiyehusika. Chukua VLC, ile ya kuchezea video yenye alama ya koni ya barabarani. Ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris huko Ufaransa, na tangu 2001 inatolewa kwa leseni huria, yaani yeyote anaweza kuusoma msimbo wake (maagizo yaliyoandikwa kuiunda), kuunakili na kuugawa. Haina tangazo hata moja. 7-Zip ya Igor Pavlov, ya kufungulia mafaili yaliyobanwa, iko bure tangu 1999, wala haikukumbushi kila siku kwamba muda wako wa majaribio umekwisha kama WinRAR inavyofanya baada ya siku 40. LibreOffice, ya kuandikia na kupigia hesabu, imekuwapo tangu 2010 na inasimamiwa na taasisi isiyo ya biashara yenye makao Ujerumani. Firefox nayo ni ya Mozilla, na sehemu kubwa ya fedha za Mozilla hutoka kwa Google, inayolipa ili iwe ndiyo injini ya utafutaji unayoikuta humo. Hilo si siri, na ukitaka unabadilisha injini kwa dakika moja.

Anayesema vitu hivi si vya kazi za maana nadhani hajaangalia anachokitumia. MUELE, mfumo wa masomo ya mtandaoni wa Makerere, umejengwa juu ya Moodle, programu huria. Takwimu za vituo vya afya vya Uganda hupita kwenye DHIS2, huria pia. Simu ya Android iliyo mkononi mwako ina Linux, kiini huria cha mfumo wa kuendeshea mashine, ndani yake. Na ukifungua orodha ya lugha za Firefox, Kiacholi kimo, kwa hiyo mtu wa Gulu anaweza kuvinjari kwa lugha ya mama yake bila kumlipa mtu.

Mtego upo, lakini uko kwenye kraki, zile za kuvunja kufuli la programu ya kulipia. Soma maelekezo ya programu yoyote ya kuamsha Windows bila leseni na utakuta hatua ya kwanza ni ileile: zima antivirus. Ni sawa na kumpa mlinzi wa geti ruhusa ya siku moja ili umwingize mgeni usiyemjua jina. Programu za aina hiyo zimekutwa mara nyingi zikibeba wezi wa nywila na wachimbaji wa sarafu za kidijitali, na mwenye mashine haoni kitu ila feni inayozunguka muda wote.

Mtego wa pili uko kwenye njia unayopitia kuchukua programu. Andika jina la VLC kwenye Google, na tokeo la kwanza linaweza kuwa tangazo la kulipiwa linalokupeleka kwenye tovuti ya kuigiza. Mwaka 2022 na 2023 matangazo ya namna hiyo yalienea sana, yakijifanya VLC, 7-Zip, Notepad++ na nyinginezo. Kuna pia zile tovuti za kupakulia zenye vitufe vinne vya kijani, vitatu vikiwa ni matangazo. Kwa hiyo anwani iandike mwenyewe: videolan.org, 7-zip.org (usisahau kistari), libreoffice.org, mozilla.org.

“Kuandaa kompyuta mpya ni kazi ya fundi, siku nzima”

Hii ndiyo dhana inayokula pesa za watu zaidi ya zote, kwa hiyo niieleze hatua kwa hatua.

Umenunua laptopu iliyotumika, ina Windows tupu. Fungua kivinjari kilichomo, nenda ninite.com. Utaona orodha ya programu za bure, kila moja na kisanduku chake. Weka tiki kwenye Firefox, VLC, 7-Zip, LibreOffice na chochote kingine unachohitaji, kisha bonyeza kitufe cha chini. Unapata faili moja dogo. Ukilifungua, linakwenda lenyewe kuchukua kila programu kutoka kwa wenyewe, linaisakinisha, linakataa kwa niaba yako vikorokoro vyote vya ziada, na halikuulizi “Next” hata mara moja. Wewe unakunywa chai. Baada ya miezi miwili ukilifungua faili lilelile, linasasisha zilizopitwa na wakati na kuziacha zilizo sawa. Sharti ni moja: ni bure kwa matumizi ya nyumbani. Ofisi inatakiwa kulipia.

Ofisi isiyotaka kulipia ina winget, ambayo Microsoft yenyewe imeiweka ndani ya Windows 11 na matoleo ya mwisho ya Windows 10. Fungua dirisha la kuandikia amri, andika `winget install VideoLAN.VLC`, VLC inaingia. Andika `winget upgrade --all`, na programu zote inazozitambua kwenye mashine zinasasishwa kwa mkupuo. Sura yake inatisha kidogo, maandishi meupe juu ya weusi, lakini mtu anayeweza kutuma pesa kwa *165# ameshafanya magumu zaidi ya hayo.

Kabla ya kuondoka kwenye maandalizi, linda bando lako. Watu wengi huamini kwamba Windows “inakula data” na hakuna la kufanya. Lipo. Ukiwa umeunganisha kwa simu, ingia Settings, kisha Network & internet, fungua mtandao uliomo na uwashe Metered connection. Kuanzia hapo Windows huacha kupakua sehemu kubwa ya masasisho yake kupitia mtandao huo. Siku ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo au ya kazini, yapakue, kwa sababu masasisho ya usalama si ya kuachwa milele.

“Boss, hii mashine imejaa virusi”

Mteja anafika na laptopu. Kwenye kona ya chini kulia kinaruka kijisanduku chekundu: virusi vitano vimepatikana, lipa sasa. Anakifunga, kinarudi. Fundi wa haraka atasema tupige window upya, yaani kufuta kila kitu na kuingiza Windows nyingine.

Mara nyingi hapo hakuna kirusi. Siku moja huyo mteja alikuwa anatafuta mechi ya Arsenal ya bure, tovuti ikamwambia bonyeza Allow ili uendelee, akabonyeza. Alichokubali ni tovuti hiyo kumtumia taarifa hata akiwa ameifunga, na hizo “taarifa” ni matangazo ya kitapeli. Kwenye Chrome nenda Settings, Privacy and security, Site settings, Notifications. Utakuta majina ya tovuti usizozijua yamejipanga. Ondoa yote. Kelele inaisha hapo hapo, na mafaili yako yako salama kwa sababu hakuna aliyepiga window.

Jirani yake ni ile ya flashi. Umekwenda kuchapisha kazi kwenye kibanda cha uchapaji, ukirudi nyumbani mafaili yote yamegeuka kuwa njia za mkato zisizofunguka. Wapo wanaotozwa pesa za “kurudisha data”. Mara nyingi data haijaondoka, imefichwa tu. Usibonyeze hizo njia za mkato. Acha Defender, antivirus iliyomo ndani ya Windows, ichunguze flashi kwanza, kisha kwenye dirisha la amri andika `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E. Mafaili yanajitokeza. Njia za mkato zilizobaki, zifute.

Na kwa kuwa nimeitaja Defender: antivirus ya kulipia si lazima kwa mtumiaji wa kawaida. Mbili kwa pamoja ni mzigo tu.

“Programu ya kusafisha itaifanya iwe nyepesi”

Hapana. CCleaner, maarufu kuliko zote, mwaka 2017 iliingiliwa na wadukuzi na toleo lake lenye programu hasidi likafika kwenye mashine zipatazo milioni 2.27. Microsoft nayo inasema haiungi mkono programu za kusafisha rejista, ile hifadhi ya mipangilio ya Windows. Kinachosaidia ni kufungua Task Manager na kuzima programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta. Ikiwa bado inajikokota na ina diski ya zamani inayozunguka, hapo bure haitoshi: nunua SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. Ni pesa itakayoonekana kuliko yote utakayomlipa fundi.

Bando, matangazo na VPN

Wengine hudhani kizuia matangazo ni anasa ya watu wenye haraka. Kwa mtu anayenunua data kwa MB, ni akiba, kwa sababu tangazo linazuiwa kabla halijapakuliwa, na video inayojicheza yenyewe pembeni haikugusi mfukoni. Ninayoipendekeza ni uBlock Origin ya Raymond Hill. Angalia neno Origin lisikosekane, maana wapo wenye majina ya kufanana. Chrome imebadilisha kanuni za viendelezi vyake (programu ndogo za kuongezea kwenye kivinjari) na toleo kamili halifanyi kazi humo tena, limebaki la Lite. Kwenye Firefox linafanya kazi lote, na Firefox ya Android pia inalikubali, jambo ambalo Chrome ya simu haifanyi. Kwa nchi ambayo watu wengi wanavinjari kwa simu, hilo peke yake linatosha kuhama.

VPN, huduma ya kupitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya mbali kwa njia iliyosimbwa, ni hadithi ndefu kwetu. Tangu kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku ilipoanza Julai 2018, na zaidi tangu Facebook ilipofungwa Januari 2021, neno hili analijua hata asiyejua kompyuta. Ndiyo maana limezungukwa na uvumi. Wapo wanaoamini VPN inapunguza matumizi ya data. Inaongeza, kwa sababu kila kitu hufungwa kwenye bahasha ya ziada ya usimbaji. Wapo wanaoamini inakwepa ushuru wa asilimia 12 uliowekwa kwenye data Julai 2021. Ushuru huo uko ndani ya bei ya bando, umeshaulipa kabla hujaiwasha. Na hapa nakubali kwamba cha bure kinaweza kukugharimu: mwaka 2015 ilibainika kwamba Hola, VPN ya bure, ilikuwa ikiuza muunganisho wa intaneti wa watumiaji wake kwa wateja wa huduma nyingine ya kampuni ileile. Proton VPN ina ngazi ya bure isiyo na kikomo cha data, na msimbo wake uko wazi.

Dirisha la siri la kivinjari (Incognito) halikufichi kwa mtandao wa simu wala kwa tovuti. Linamficha tu yule atakayekaa kwenye kiti baada yako, na kwenye kafe ya intaneti hilo ni jambo zuri, litumie.

“Windows 10 imekwisha, nunua kompyuta mpya”

Microsoft iliacha kuisasisha Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi zilizotumika tunazonunua hapa hazina kifaa cha usalama cha TPM 2.0 ambacho Windows 11 inakidai. Haina maana ni chuma chakavu. Kwanza, upo mpango wa mwaka mmoja wa ziada wa masasisho ya usalama, hadi Oktoba 2026, ambao unaweza kuupata bila malipo ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe huko.

Pili, ipo Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. “Linux ni ya wataalamu” ni habari ya zamani. Mint ina kitufe cha menyu kushoto chini, upau wa kazi na saa kulia, na LibreOffice na Firefox umezikuta ndani. Inataka RAM ya GB 2, ingawa 4 ndiyo inayostahili. Faili lake ni karibu GB 3, kwa hiyo lipakue penye Wi-Fi, liandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus, kisha washa kompyuta kupitia flashi hiyo. Itawaka na kufanya kazi bila kugusa diski. Vinjari, unganisha Wi-Fi, jaribu printa yako. Usipoipenda, chomoa flashi, zima, Windows yako iko vilevile.

Simshauri kila mtu. Jamaa wa uchapaji wa Nasser Road wanaoishi kwa CorelDRAW na Photoshop wabaki Windows, maana hizo mbili hazina toleo la Linux. Kadhalika ofisi yenye mafaili ya Excel yaliyojaa makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili): LibreOffice itafungua jedwali, lakini makro nyingi zitagoma. Barua, CV, tasnifu na bajeti ya kikundi cha akiba hazina shida, ila ukimtumia mtu barua iliyokamilika, mtumie PDF, mpangilio usije ukaruka kwenye mashine yake.