Nafasi ya supu kwenye mlo wa Kimarekani

Kwenye migahawa mingi ya Marekani, ukishakaa tu mhudumu anakutajia "supu ya leo", yaani supu moja ambayo mpishi ameamua kuipika siku hiyo. Huuzwa kwa vipimo viwili, kikombe na bakuli. Anayeagiza kikombe anaamsha hamu ya kula huku akisubiri chakula chenyewe. Wengine, hasa mchana, huila na saladi au nusu sandwichi, wakarudi kazini. Asubuhi, saa ambayo Dar es Salaam watu wako kwenye supu na chapati, huko ni nadra kuiona mezani. Supu kwa Mmarekani, mara nyingi, ni msindikizaji.

Zipo zisizokubali cheo hicho. Gumbo, supu nzito ya jimbo la kusini la Louisiana, ni mlo kamili. Huanza na unga wa ngano unaokaangwa kwenye mafuta kwa moto mdogo, mpishi akikoroga bila kubanduka jikoni, mpaka ugeuke kahawia iliyokolea. Ukiungua, unamwagwa na kazi inaanza upya. Baadaye huingia vitunguu, pilipili hoho, kuku au kamba, soseji, na bamia, zao lililofika huko pamoja na Waafrika waliopelekwa utumwani. Huliwa na wali, na mtu anashiba hasa. Kaskazini, pwani ya New England, kuna chauda, supu nzito ya maziwa, viazi na nyama ya kombe wa baharini. Ukitia nyanya, kama wafanyavyo New York, umewaudhi wenyewe: mwaka 1939 mbunge mmoja wa jimbo la Maine, huko huko New England, alipeleka mswada wa kupiga marufuku nyanya kwenye chauda.

Hata hivyo, kwangu mimi supu iliyoligeuza zaidi jiko la Mmarekani ni ya kopo. Mwaka 1897 John T. Dorrance, mkemia kijana wa kampuni ya Campbell mjini Camden, New Jersey, alipata njia ya kuipunguza supu maji. Maji ni uzito, na uzito ni gharama ya usafirishaji. Kopo likawa dogo, bei ikashuka hadi senti 10, maji yakaongezwa nyumbani. Likaenea kila kabati, kiasi kwamba mwaka 1962 msanii Andy Warhol alichora picha 32 za makopo hayo, kila picha na ladha yake.

Na supu hiyo usipoiongeza maji, ni rojo tayari. Wapishi wa nyumbani waliligundua hilo mapema. Mwaka 1955 Dorcas Reilly, aliyefanya kazi kwenye jiko la majaribio la Campbell, alichanganya supu ya uyoga ya kopo, maziwa, sosi ya soya, pilipili manga na maharage machanga ya kijani, akatandaza vitunguu vya kukaanga juu na kuoka. Chakula hicho sasa hakikosekani kwenye meza nyingi za Sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving) kila Novemba, na wengi wanaokila hawafikirii kabisa kwamba wanakula supu.