Nani Kasema Wananchi Wamekwisha Kusema?

Kazi yangu ni kutafiti maoni ya watu kuhusu mambo yanayowagawa: adhabu ya kifo, utoaji mimba, uhamiaji, nafasi ya dini shuleni. Kila suala la namna hiyo linapozuka upya, husikia sentensi ileile kutoka kwa wanasiasa, watangazaji na hata wasomi ninaowaheshimu: "Wananchi wamekwisha kusema." Ukiuliza wamesema wapi na lini, unaonyeshwa maandamano ya siku moja, au jumbe za matusi zilizosambaa usiku kucha. Ukileta matokeo ya sampuli nasibu, yaani ya wahojiwa waliochaguliwa kwa bahati nasibu, yanayoonyesha picha nyingine, unajibiwa na watu walewale kwamba wahojiwa elfu moja hawawezi kuwasemea mamilioni, na kwamba wao binafsi hawajawahi kuhojiwa na mtu yeyote. Hivi karibuni nimeyasikia madai hayo mawili kutoka kinywani mwa mtu mmoja, katika kikao kimoja, na uvumilivu wangu umefika mwisho.

Dai la ukubwa nitalimaliza upesi. Sampuli nasibu ya watu 1,000 ina kiwango cha makosa (yaani umbali ambao jibu lake linaweza kupishana na la watu wote kwa bahati tu) cha takriban pointi 3 za asilimia juu au chini, na kiwango hicho hakitofautiani kwa namna ya maana kati ya nchi yenye watu milioni 5 na yenye watu milioni 200. Kinachoharibu utafiti mara nyingi si uchache wa wahojiwa, bali ni jinsi walivyopatikana. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi zipatazo milioni 10 kuuliza watu wangempigia nani kura ya urais, likapokea majibu zaidi ya milioni 2, kisha likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa katika orodha za wenye simu na magari, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na waliojisumbua kurudisha kadi hawakufanana na wale ambao hawakuzirudisha. Mtafiti wa maoni George Gallup, aliyetumia sampuli ndogo mno kuliko hiyo, alimtaja mshindi sahihi.

Anayehesabu jumbe za hasira leo anarudia kosa hilohilo, kwa sababu wanaojitokeza wamejichagua wenyewe. Kituo cha utafiti cha Pew kilionyesha mwaka 2019 kwamba, miongoni mwa Wamarekani watu wazima waliokuwa wakitumia Twitter, asilimia 10 walioandika zaidi ndio waliotoa asilimia 80 ya jumbe zote za kundi hilo. Sisemi kwamba hasira ya wachache ni ya uongo, wala kwamba haistahili kusikilizwa; mara nyingi wenye kupaza sauti ndio walioumizwa na jambo lenyewe. Ninachokataa ni kuigeuza hasira yao kuwa hesabu ya watu wote.

Hata hivyo, linaloniudhi zaidi ni imani iliyojificha chini ya madai hayo yote, nayo ni kwamba kila mtu ana upande wake uliokwisha kukamilika moyoni, na kwamba kazi ya mtafiti ni kwenda kuuchukua tu. Katika miaka ya 1970, George Bishop na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cincinnati waliwauliza watu maoni yao kuhusu sheria ambayo haikuwapo kabisa, na takriban theluthi moja walitoa maoni. Mtafiti Donald Rugg alichapisha mwaka 1941 matokeo ya maswali mawili yaliyoonekana kuwa na maana moja. Wahojiwa wa kundi moja waliulizwa kama Marekani ipige marufuku hotuba za kupinga demokrasia, na asilimia 46 wakasema ndiyo. Kundi jingine liliulizwa kama hotuba hizo ziruhusiwe, na asilimia 62 wakasema hapana. Kutoruhusu na kupiga marufuku ni tendo lilelile la serikali, lakini waliokuwa tayari kutoruhusu walikuwa wengi kuliko waliokuwa tayari kutamka kupiga marufuku.

Mpangilio wa maswali nao una nguvu yake. Mwaka 1948 Wamarekani waliulizwa kama waandishi wa habari wa Kikomunisti kutoka Urusi waruhusiwe kufanya kazi Marekani. Swali hilo lilipotangulia, waliokubali hawakufika asilimia 40. Lilipofuata swali la kama Urusi nayo iwaruhusu waandishi wa Kimarekani, waliokubali walizidi asilimia 70. Ni kizazi kilekile, mwaka uleule, lakini mhojiwa aliyekwisha kudai haki kwa upande wake aliona vibaya kuinyima kwa upande wa pili. Mimi sioni udhaifu wa akili hapo. Naona mtu anayefikiri wakati anajibu, jambo ambalo mabishano ya hadharani hayampi nafasi ya kulifanya.

Nakumbuka mahojiano moja kuhusu adhabu ya kifo, niliyohudhuria kumsimamia mdadisi kijana. Mhojiwa, mzee mtulivu, hakusubiri swali limalizike: "Andika naunga mkono sana, mwanangu." Swali lililofuata lilihusu mtu aliyenyongwa kisha ikabainika kwamba hakuwa na hatia. Mzee alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati, akakaa kimya kwa muda mrefu. "Hapo sasa umenipeleka kwingine," alisema. Yule binti mdadisi alisogeza kifutio, akidhani mzee anataka kubadili jibu la mwanzo, naye akamzuia kwa mkono: "Hapana, lile usilifute." Katika jedwali letu mzee huyo yumo kwenye safu ya wanaounga mkono sana, na kesho mwanasiasa atamhesabu kama askari wake. Hakuwa mnafiki, wala hakuwa mtu asiye na uamuzi. Alikuwa ameshika mambo mawili kwa uzito, na hojaji yetu ilikuwa na nafasi ya moja tu.

Vitabu vya fani hii hufundisha kwamba dawa ni kuandika swali lisiloegemea upande wowote, na kulijaribu kabla ya kwenda nyanjani. Ninafanya hivyo kila mara, lakini siamini tena kwamba swali la namna hiyo lipo kwa masuala yanayochoma. Mtu akiniuliza ni jibu lipi kati ya yale mawili ya Rugg lililokuwa maoni halisi ya Wamarekani, naelekea kusema kwamba yote mawili yalikuwa halisi, na najua msimamo huo unauyumbisha msingi wa taaluma yangu.

Lipo na shaka jingine linalonikosesha raha zaidi. Pew, katika tafiti zake za simu, ilipata majibu kwa kiwango cha asilimia 36 mwaka 1997, na kufikia mwaka 2018 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 6. Tunayapa majibu uzito kwa umri, jinsia na elimu, yaani ya makundi yaliyopungua tunayahesabu zaidi, ili sampuli ifanane na nchi, na kiwango cha makosa tunachokitangaza hakigusi kabisa suala la waliokataa. Lakini tunajua kwamba wanaokubali kuhojiwa hushiriki mambo ya umma kuliko wanaokataa, na sina uzito wa kumpa mtu aliyechoshwa na ugomvi wa siasa kiasi cha kukata simu akisikia neno maoni. Kwa hiyo huenda hata tafiti zetu zinaegemea upande wa wenye hamasa, na zinaonyesha mgawanyiko mkubwa kuliko uliopo. Binafsi naamini ndivyo ilivyo, lakini wanaoweza kunithibitishia ni hao hao wasiopokea simu zetu.